Sindano Shingoni, na Mimi Nimeambiwa Ninyamaze

Bwana asifiwe! Asifiwe tena! Ndugu zangu, namshukuru Mchungaji kwa kunipa kipaza sauti leo, ingawa sote tunajua mimi na kipaza sauti hatujawahi kuhitajiana. Naona watoto wa safu ya mbele wameshaziba masikio. Toeni mikono, wanangu, leo sitapiga kelele. Nimesimama kushuhudia jinsi Mungu alivyonitoa kwenye hofu ambayo ilitaka kunizika nikiwa hai, na ushuhuda wenyewe haukubali kelele. Mtaona kwa nini.

Kwa wageni walio nasi, mimi naitwa Alfayo, baba yake Sharon. Asili yangu ni upande wa Bungoma, lakini nimekaa Kabiria hadi nikienda nyumbani wananiita mtu wa Nairobi. Nauza mashati ya mtumba huko mjini, kwenye jengo moja la vibanda karibu na River Road. Ni pale ambapo usipoita mteja, anaishia kwa jirani huku unamwangalia. Kwa hiyo sauti ndiyo jembe langu. Siku za kazi namwita mteja, Jumapili namwita Bwana. Hapa kanisani kwetu Satellite mimi ndiye niliyekuwa nikifungua ibada kwa maombi, na hata majirani wasiookoka walijua ibada imeanza bila kuangalia saa. Niliamini kabisa kwamba maombi yasiyosikika mpaka barabarani hayajafika popote.

Mke wangu Mwende ni yule pale karibu na dirisha, anayeangalia chini kwa sababu anajua namtaja. Yeye ni mtu wa Kitui, na huomba kimya. Huinamisha kichwa, hufumba macho, basi. Miaka yote ya ndoa yetu nimekuwa nikimtania kwa hilo. Akifumbua macho namuuliza, Mama Sharon, ulikuwa unaomba au ulikuwa unasinzia? Yeye hucheka, kisha huniletea chai. Lishikeni hilo, tutalirudia.

Sasa, ugonjwa wenyewe niliugundua kupitia kola. Muuza mashati anaijua shingo yake vizuri kuliko uso wake. Siku moja lilikuja bando la mitumba lenye shati la mistari la saizi yangu, nikasema hili haliuzwi, hili ni la Jumapili. Nikalijaribu mbele ya kioo cha wateja, kifungo cha juu kikakataa kufika. Nikachukua jingine la saizi ile ile, nalo likakataa. Kwanza nilifurahi, nikidhani nimenenepa, maana kwetu mtu akinenepa husemwa Nairobi imempenda. Kisha nikapapasa chini ya taya, upande wa kushoto, vidole vikakutana na kitu kigumu kama harage bichi. Nilikibonyeza, na hakikuuma.

Ndugu zangu, kama kingeuma pengine ningelala. Kitu kinachouma unajua kimekasirishwa na nini. Hiki kilikuwa kimekaa tu pale, kimetulia, kana kwamba kimelipa kodi ya nyumba. Kuanzia siku hiyo nikawa siwezi kukiacha. Mteja akiondoka, nakigusa. Nikinawa uso, nakigusa. Likawa harage, likawa kokwa, likawa ndimu ndogo. Na jambo la ajabu lililonitia hofu kuliko yote ni hili: kola zilikuwa zinabana wakati suruali zinalegea. Shingo inakua, mtu anapungua. Jasho la usiku likaanza kulowesha shuka. Nikafunga skafu shingoni, nikawaambia majirani zangu wa kibandani kwamba nina mafua, na mafua hayo yakakaa msimu mzima wa joto.

Mtauliza, Alfayo, kwa nini hukwenda hospitali? Ngoja niwaambie kilichokuwa moyoni. Wazee wa kanisa hili wanamkumbuka Ndugu Zakayo, aliyekuwa akikaa safu ya pili, Mungu amlaze pema. Alikuwa na kivimbe shingoni. Alipelekwa hospitali, akadungwa sindano ya kupima, na haukupita muda mrefu tukamzika. Siku ya mazishi sisi wanaume tulisimama nje ya hema, kila mtu na sahani yake, tukasema kwamba Zakayo alikuwa mzima mpaka alipodungwa. Kwamba kivimbe ni kama mbwa aliyelala, kikiguswa na chuma kinaamka. Na mnajua aliyesema kwa sauti kuliko wote alikuwa nani. Nilisema hivyo pale, nikasema kibandani, nikasema hata kwa wateja waliokuja tu kutafuta shati la kazi.

Kwa hiyo kivimbe kilipokuja shingoni mwangu, kilikuta nimeshajifungia mlango kwa maneno yangu mwenyewe. Niliogopa kivimbe, na niliogopa sindano kuliko kivimbe. Usiku na mchana nilikuwa katikati ya hivyo viwili. Nikiita wateja, sauti inatoka, lakini moyoni nasikia, hii sauti itakatwa. Watafungua koo, watatoa kila kitu, na Sharon na wadogo zake watakula nini? Niliogopa, ndugu zangu. Sina neno jingine la kupamba. Niliogopa mpaka chakula kikawa hakina ladha.

Mwende ndiye aliyenipeleka kwenye zahanati. Alinishika mkono tu asubuhi moja, akaniambia tunapita mahali kabla ya kazi. Pale nilipewa dawa za kumeza, nikazimaliza, kivimbe kikabaki vile vile. Ndipo nikaandikiwa kwenda hospitali kubwa mjini, kwenye chumba cha kupima vivimbe. Nilikaa kwenye benchi la ukutani na watu wengine wenye skafu kama mimi. Hakuna aliyemuuliza mwenzake anaumwa nini. Tulitazama tu mlango.

Daktari alikuwa binti mdogo, mpole, mwenye miwani. Akaniambia hakuna mtu duniani anayeweza kukiangalia kivimbe kwa macho akajua ni nini. Kinaweza kuwa saratani, kinaweza kuwa tezi iliyovimba kwa ugonjwa wa kawaida, na tiba ya kimoja si tiba ya kingine. Sindano hii ni nyembamba kuliko ile ya kutoa damu, akasema, nayo ni ya kukiuliza kivimbe jina lake. Inaingia, inachukua vitone vidogo, vinapakwa kwenye kioo, vinatazamwa kwa darubini. Haikiamshi na haikisambazi. Nilitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Sikuwa nimesikia hata nusu, kwa sababu macho yangu yalikuwa kwenye trei.

Kisha akanipa sharti moja. "Baba, sindano ikiwa ndani usimeze mate, usikohoe, usiongee. Shingo ikicheza, kivimbe kinanikimbia. Ngoja mpaka nikuambie."

Nikalala kitandani. Wakaniwekea mto chini ya mabega, kichwa kikaning'inia nyuma, koo limeachwa wazi kama la kuku wa Krismasi. Akanipaka spiriti, baridi ikaniingia mpaka tumboni. Akakishika kivimbe kwa vidole viwili, akakibana. Na ndugu zangu, pale juu darini nilimwona Zakayo. Sisemi ni maono, nasema hofu ilinionyesha. Nikahisi chuma kinaingia shingoni mwangu, na mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Shindwaaa! Shindwa katika jina la Yesu!"

Mnaijua ile sauti. Nesi alikuja mbio kutoka chumba cha pili. Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba benchi lote la nje lilisimama, na mama mmoja alichukua mkoba wake akaenda zake. Daktari aliichomoa sindano haraka, akanibana pamba shingoni. Akapumua, akaniuliza kwa upole, "Baba, ni mimi umenikemea ama ni ugonjwa?"

Aliomba ajaribu tena, akasema sindano ilichukua damu tupu. Nilikuwa nimeshashuka kitandani, natafuta kiatu. Nikasema Bwana ameshajibu, nikatoka. Nje, watu wa benchi walinipisha njia kama mtu mwenye kichaa.

Na sasa sikieni jinsi shetani anavyojua kupanga mambo. Kesho yake asubuhi nikajitazama kwenye kioo, shingo yote upande ule imekuwa nyeusi, zambarau, mpaka kwenye mfupa wa bega. Leo najua ni damu iliyovilia chini ya ngozi kwa sababu mimi mwenyewe niliruka sindano ikiwa ndani. Siku ile sikujua. Nilikaa chini sakafuni na mswaki mkononi nikasema, kimeamka. Zakayo, nakuja. Nilipoitwa kupokea jibu, daktari akaniambia kile kidogo alichopata hakisomeki, inabidi turudie. Masikio yangu yalisikia kitu kingine kabisa. Nilisikia kwamba wamejua, na wananificha.

Nanyi, familia ya Mungu, hamkuniacha. Mlinizunguka hapa mbele, mkaniwekea mikono shingoni, tukaomba mpaka mabati yakatetemeka. Sitasahau upendo ule. Lakini nimesimama kusema kweli, nayo ni hii: nilikuwa nasema Amina kubwa kuliko ya wote, na ndani yangu nasema nakufa. Kila mkono uliogusa kile kivimbe nilihisi unakikuza. Nilipiga kelele ili nisisikie hofu, na nikinyamaza kidogo tu kuvuta pumzi, naikuta imekaa pale pale ikinisubiri.

Ndipo nikafanya jambo ambalo nimemwambia mke wangu na Mungu tu, na leo nawaambia ninyi. Tulipomuaga Zakayo mara ya mwisho, alikuwa amelala kwenye jeneza na kola iko wazi. Haikuweza kufungika juu ya ule uvimbe. Mtu msafi yule, aliyependa tai, amezikwa kola imeachama. Jambo lile liliniuma. Basi nikatafuta kwenye bando zangu shati jeupe, zito, la mabega yangu lakini lenye kola pana sana, ambayo ingeweza kufungika juu ya kivimbe hata kikiwa kikubwa kama ngumi. Nikalifua mwenyewe. Nikalipiga pasi. Nikalitundika nyuma ya mlango wa chumba chetu, chini ya koti langu la mvua. Muuza mashati alikuwa amejichagulia la mwisho.

Jumapili moja baada ya ibada niliingia chumbani nikamkuta Mwende ameketi kitandani, shati liko mapajani mwake. Alikuwa anatafuta mwavuli. Vidole vyake vilikuwa vinazunguka kola ile polepole, kuanzia kifungo mpaka tundu.

"Baba Sharon, hii shati ni ya nani?"

Nikasema ni ya mteja.

"Mteja gani ako na mabega kama yako na shingo kubwa hivi?"

Nikanyamaza. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza katika nyumba ile kwa mimi kunyamaza yeye akiwa anangoja jibu. Hakulia. Alilikunja lile shati vizuri, kama vile tunavyokunja la kuuza, akaliweka kando.

"Umejitafutia nguo ya kuzikwa, na bado hujui unaumwa nini," akasema. "Na yangu ya ujane, umeiweka wapi?"

Ndugu zangu, neno lile lilinishinda. Nililia, mimi mwanaume mzima wa Bungoma, na nikamwambia yote. Nikamwambia naogopa sindano, naogopa nitaamsha kitu, naogopa kufa kama Zakayo. Na nikamwambia hata lile nililokuwa sijajiambia mwenyewe: kwamba naogopa kile kimya. Kwamba chuma kikiingia shingoni nami nimekatazwa kuliita jina la Bwana, nitakuwa pale peke yangu, bila Mungu, kama mtu aliyekatiwa simu.

Mwende alisikiliza mpaka mwisho. Kwanza akaniambia habari ya Zakayo. Yeye alikuwa amekaa na mjane wake siku zile za msiba, ndani, wakati sisi wanaume tuko nje na sahani zetu. Yule mama alimwambia kwamba kivimbe kilikaa chini ya skafu muda mrefu sana kabla ya sindano, kwamba alimsihi mumewe aende hospitali na mumewe akawa anasema kesho. Sindano ilimkuta ameshachelewa. Mimi nilikuwa nimeihubiri habari ile mji mzima bila kumuuliza aliyelala naye kitanda kimoja.

Kisha akaniuliza swali, kwa upole, bila kunisuta. "Miaka hii yote nikiomba kimya, wewe unafikiri Mungu hunisikia aje?"

Nilikuwa nimecheka maombi yale mara nyingi, na yale maombi ndiyo yaliyokuwa yamebaki.

"Twende mara ya pili," akasema. "Wewe lala tu pale unyamaze. Kuomba niachie mimi."

Mwende ni mpishi wa shule moja pale Jamhuri, na si rahisi kuacha sufuria za watu, lakini aliomba ruhusa tukaenda. Yule nesi aliponiona aliufunga mlango vizuri, akaujaribu kama umefunga. Daktari alitabasamu. Mwende akaomba asimame miguuni pangu, akakubaliwa. Nikavua viatu, na hapo ndipo nilipokumbuka kwamba soksi yangu ina tundu kwenye kidole gumba. Hofu yote ile, na bado niliona aibu kwa soksi! Mwende akakishika kile kidole kilichochungulia, akakifumbata kwenye kiganja chake. Mkono wake ulikuwa wa moto.

Mto chini ya mabega. Kichwa nyuma. Spiriti. Vidole viwili. "Sasa usimeze," daktari akasema, na sindano ikaingia.

Ngoja nivute pumzi, maana hata leo nikifika hapa mwili unasisimka. Mate yalianza kujaa mdomoni, kama vile mwili mzima umegeuka kuwa mate. Nilihisi ile sindano inakwenda na kurudi, inakwenda na kurudi, ndani ya shingo yangu. Nikasema, basi, nitaomba moyoni. Ndugu zangu, mimi ninayeweza kuomba mpaka mafundi wa vipaza sauti wachoke, sikupata neno hata moja. Nilitafuta jina la Yesu ndani yangu sikulipata. Kulikuwa na giza na mate na ile sindano. Nilidhani hivi ndivyo kufa kulivyo.

Halafu nikakihisi kidole changu cha mguu. Mwende alikuwa amekibana, si kwa nguvu, kidogo tu, na ule mkono wa moto haukutetemeka. Sikuweza kumwona. Nilijua tu kichwa chake kimeinama na macho yake yamefumbwa, vile nilivyomwona mara elfu nikamcheka. Nikajua kuna mtu anazungumza na Mungu juu yangu wakati mimi siwezi, na Mungu amenyamaza kwa sababu anamsikiliza. Chumba kile kilijaa, ndugu zangu! Sijawahi kuwa katika ibada iliyojaa hivyo, na hakuna aliyefungua mdomo.

Sitawadanganya kwamba hofu iliondoka. Kuna watu hushuhudia hivyo, na Bwana asifiwe kwa ajili yao. Yangu ilibaki kifuani, nzito vile vile. Lakini mimi na hofu hatukuwa tena peke yetu. Nilifunguliwa nikiwa bado naogopa, na kama kuna mtu hapa anangoja hofu iishe ndipo aende, nakuomba usingoje.

"Haya, baba," daktari akasema. "Sasa meza."

Nikameza. Kumeza mate ni kitu kitamu, hamjui tu.

Aliingiza tena mahali pengine, na safari hii nilikuwa nimeshajua njia. Alipoinua bomba la sindano kwenye mwanga niliona kitu kizito, cheupe cha manjano kidogo, wala si damu. Alikipaka kwenye vioo, akaweka kingine kwenye kichupa, hakusema neno. Nami nikaondoka na hofu mpya, hofu ya uso wa daktari asiyesema. Siku za kungoja zile, sikuongoza maombi hapa. Mlidhani nimerudi nyuma kiroho. Nilikuwa nakaa pale dirishani kando ya Mwende, najifunza.

Tulipoitwa tuliingia wote wawili. Daktari hakutuzungusha.

"Si kansa," akasema. "Ni TB ya tezi. Inatibika."

Nikamuuliza TB gani na mimi sikohoi. Akanieleza kwamba TB haikai mapafuni tu, inaweza kuingia kwenye tezi za shingo, ikaleta jasho lile na kukonda kule, na kwamba kwa macho hufanana na mambo mengine mabaya, ndiyo maana ya kudunga. Ndugu zangu, nadhani mimi ndiye mtu wa kwanza kwenye jengo lile kuambiwa ana TB akataka kucheza. Nikafungua mdomo nimshukuru Bwana kwa ile sauti mnayoijua, na haikutoka. Machozi tu. Nikawa naangalia sakafu, mabega yanacheka na kulia pamoja.

Ndipo kando yangu nikasikia mtu anapiga kelele. "Haleluya! Haleluya!" Benchi lote la nje likasimama tena. Nesi akaja mbio, akanikazia macho mimi! Nikaonyesha kwa kidole. Alikuwa Mwende, ndugu zangu, Mwende wangu wa kimya, mikono juu, kitambaa cha kichwa kimeanguka.

Nilimeza vidonge kila asubuhi kwa miezi kadhaa mpaka daktari aliposema basi. Siku za kwanza dawa iligeuza mkojo ukawa rangi ya machungwa, nikashtuka tena, maana hofu ikikuzoea hurudi kukusalimia. Watoto walipimwa, wako salama. Kivimbe kikapungua, ndimu ikawa kokwa, kokwa ikawa harage, hadi siku moja nikapapasa nikakosa. Lakini sikilizeni. Yule kaka tuliyekaa naye benchi moja siku ya jibu, yeye aliambiwa neno lile jingine. Ameanza matibabu, na amelijua mapema. Namwombea. Sisemi Mungu alinipenda mimi kuliko yeye. Nasema wote wawili tulitolewa gizani, kila mtu akajua adui yake anaitwaje, na kwangu wokovu ulifika kitandani kabla sijapewa jibu lolote.

Shati hili jeupe nililovaa leo mnaliona. Ndilo lile. Mwende alilitoa sandukuni asubuhi ya leo akaniambia, livae ukashuhudie nalo. Nimelifunga mpaka kifungo cha juu, na tazameni, kidole kinaingia, hata viwili vinaingia, shingo inacheza ndani kama mtoto aliyevaa nguo ya babake. Sitalipunguza kola. Nataka ilegee hivi hivi.

Sasa kama kuna mtu humu ndani amefunga skafu na joto hili, sitamwita mbele wala sitamwambia ainue mkono. Najua unakigusa hata sasa hivi. Najua unaogopa, nami sitakuambia usiogope. Mtegemee Mungu ukiwa unaogopa hivyo hivyo, na usiseme kesho. Nitafute baada ya ibada, nong'ona tu, tutakwenda pamoja. Nitasimama miguuni pako nishike kidole chako, hata kama soksi ina tundu, na naahidi mbele ya kanisa hili kwamba sitapiga kelele.

Mchungaji alitaka nifunge kwa maombi kama zamani. Naomba ruhusa nisifanye hivyo. Naomba tusimame sote, tuinamishe vichwa, tufumbe macho, na kwa muda ule ambao sindano hukaa shingoni mwa mtu, pasiwe na anayesema neno. Yeye anasikia.

Mama Sharon, njoo hapa mbele utuongoze.